Pikipiki ya Safari Ndefu: Ichague kwa Barabara, Irekebishe kwa Mwili

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za lami, na ndani ya barabara hiyo moja mna karibu kila mtihani unaoweza kumkuta mwendesha pikipiki. Joto la Morogoro linamtamanisha kuvua jaketi. Mikumi, barabara inakatiza katikati ya hifadhi, na twiga au nyati huvuka anapotaka. Baada ya Ruaha Mbuyuni kuna mlima Kitonga, kona juu ya kona, malori yamefuatana yakipanda taratibu na moshi mzito nyuma yake. Makambako mwezi wa Julai vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Kila kijiji kina matuta yake, na askari wa trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anakuwa pale ambapo hukumtarajia.

Anayetaka kununua pikipiki ya safari aanze na barabara ya namna hiyo, kisha ndipo atazame picha. Je, atapita lami tupu, au ataingia njia za vumbi za Loliondo, Katavi, Loiyangalani? Atasafiri peke yake au kuna mtu nyuma? Na chombo kikigoma Sumbawanga, fundi wa hapo ataweza kukifungua? Majibu ya maswali haya yanapunguza orodha ya pikipiki haraka kuliko tangazo lolote.

Zipo pikipiki zilizotengenezwa kwa lami pekee. Honda Gold Wing, iliyozaliwa mwaka 1975 ikiwa na injini ya cc 1000, leo ina silinda 6 na cc 1833, redio, kioo kipana cha upepo na kiti ambacho abiria anaweza kusinzia juu yake. Harley-Davidson nazo zina Road Glide na Street Glide kwa kazi hiyohiyo. Ni vyombo vya fahari kwa barabara kuu za Marekani. Ila Gold Wing ina uzito wa zaidi ya kilo 365, na tumbo lake liko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini. Honda Africa Twin ina sentimita 25. Tofauti hiyo utaisikia kwenye tuta la kwanza la udongo lililojengwa na wanakijiji wenyewe, bila kibao wala rangi.

Kwa hiyo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki huangukia kwenye familia ya pili: pikipiki ndefu zenye gurudumu kubwa la mbele, zinazokwenda kwenye lami na kwenye vumbi. Familia hii ina damu ya Afrika. BMW walitoa R 80 G/S mwaka 1980, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris–Dakar. Yamaha wakaja mwaka 1983 na XT600Z Ténéré, yenye jina la jangwa la Niger na tangi lililokaribia lita 30. Honda walishinda Dakar miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa NXR750, na kutokana na ushindi huo ikazaliwa Africa Twin ya kwanza mwaka 1988.

Wajukuu wa pikipiki hizo ndio waliopo sokoni leo, wapya na wa mtumba, na jambo la kwanza la kuwalinganisha ni uzito. Royal Enfield Himalayan ya zamani, yenye cc 411, ina kilo 199. Himalayan 450 iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina 196. Yamaha Ténéré 700 iko karibu 205, Africa Twin ya cc 1084 karibu 226, BMW R 1250 GS ina 249, na dada yake Adventure mwenye tangi la lita 30 anafika 268. Hizo ni kilo kabla ya masanduku, hema, maji, na ngao za chuma.

Tofauti ya kilo 50 huioni dukani. Utaiona siku chombo kimelala kwenye tope na hakuna mtu karibu. Ndiyo maana, kabla ya kulipa, muuzaji aombwe ruhusa ya kuilaza pikipiki taratibu kwenye nyasi na kuinyanyua. Akikataa, ifanyike kwa pikipiki ya rafiki ya aina hiyohiyo. Namna yake ni hii: injini imezimwa, gia imeingizwa ili gurudumu lisiviringike, na kama imelalia upande wa kulia, stendi ya pembeni ifunguliwe kwanza isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Usukani uukunje hadi mwisho. Geuka uipe mgongo pikipiki, chuchumaa makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja ushike mshikio wa usukani na mwingine ushike chuma imara cha nyuma. Kisha nyosha miguu na utembee kinyumenyume hatua fupi fupi, mgongo ukiwa umenyooka. Mtu asiyeweza kufanya hivi kwa chombo kitupu hataweza kikiwa na mzigo, na hapo ni heri ashuke daraja moja la ukubwa.

Kuna wanaoona aibu kushuka. Hawana sababu. Mholanzi Noraly Schoenmaker, ambaye safari zake zinafuatwa na watu wengi duniani, aliendesha Himalayan ya cc 411 kutoka India mpaka Uholanzi. Chombo hicho kina nguvu za farasi 24 tu. Na kabla yake, kati ya 1973 na 1977, mwandishi Ted Simon alizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500, akapita Kenya na Tanzania akielekea kusini mwa Afrika, barabara zikiwa mbaya kuliko hizi za leo.

Nguvu nyingi zina mahali pake. R 1250 GS yenye nguvu za farasi 136 inampandisha mume, mke na masanduku matatu hadi Lushoto kana kwamba haibebi kitu, na inapolipita lori haimpi mtu wasiwasi. Wanaosafiri wawili wawili, kwenye lami zaidi, hawatajuta kuinunua wakiwa na uwezo wa kuitunza. Lakini kwa anayetembea peke yake, katika nchi ambayo kila baada ya dakika chache kuna kijiji na kibao cha 50, nguvu hizo hazina pa kukimbilia. Kati ya cc 400 na 700 inamtosha, na pesa itakayobaki ina kazi nyingine, kama itakavyoonekana mbele.

Baada ya uzito, miguu. Kiti cha Himalayan 411 kiko sentimita 80 kutoka chini, cha Ténéré 700 sentimita 87.5. Mtu wa kimo cha kawaida kwenye Ténéré atagusa ardhi kwa vidole, na kwenye foleni ya Kariakoo au Gikomba hilo linachosha. Si lazima nyayo zote mbili zikanyage. Mguu mmoja ukanyage vizuri, na mtu aweze kuhamisha makalio upande bila hofu. Ila dukani asikalie chombo akiwa na ndala. Avae viatu vya safari vyenyewe, kwa sababu soli nene huongeza sentimita mbili au tatu zinazobadilisha uamuzi.

Halafu yaja matairi, na hapa wengi hupitiwa. Ténéré 700 ina tairi zenye tyubu. Suzuki V-Strom 650 ya rimu za kumimina haina tyubu, na GS zenye spoku nazo hazina, kwa kuwa spoku zake zimefungwa kwenye ukingo wa nje wa rimu na hewa haipati pa kutokea. Pancha isiyo na tyubu inazibwa kando ya barabara kwa utambi wa mpira ndani ya dakika kumi, bila kufungua gurudumu. Ya tyubu inahitaji vyuma, jasho na uvumilivu, ila kila kijiji kina kijana mwenye kiraka na gundi. Tatizo ni saizi. Maduka ya bodaboda yamejaa tyubu za inchi 17 na 18, lakini gurudumu la mbele la inchi 21 ni geni kwao. Msafiri mwenye rimu ya 21 mbele na 18 nyuma, kama ya Ténéré, abebe tyubu ya 21 hata kama hana nafasi ya kitu kingine. Ikibidi, hiyo ya 21 inaweza kukunjwa ndani ya tairi la nyuma la 18 imfikishe mjini, japo ya 18 haiwezi kunyooshwa iwe 21.

Cheni ni vivyo hivyo. Bodaboda nyingi zinatumia cheni ya 428, Ténéré 700 na Africa Twin zinatumia 525. Fundi wa Mpanda anaweza kuwa hodari kuliko wa mjini, ila hawezi kuuza kitu asicho nacho. Viungo viwili vya akiba vya cheni yako havizidi uzito wa funguo za nyumba. GS kubwa za BMW zimeikwepa cheni kabisa, zinaendeshwa na shafti, hakuna kupaka mafuta kila jioni kwenye vumbi. Shafti ikileta shida, hata hivyo, haitengenezwi chini ya mwembe. Kabla ya kukubali bei yoyote, mnunuzi awapigie simu wauza vipuri wawili na kuulizia filta ya oili, pedi za breki, waya wa klachi na cheni ya chombo kile. Wakijibu wote kwamba vinaagizwa, ajue atakuwa anaagiza maisha yote ya pikipiki hiyo.

Kwa mtumba, nambari ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Gurudumu la mbele linyanyuliwe, usukani uzungushwe polepole kulia na kushoto. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimechoka. Foki zikiwa na utando wa mafuta, sili zimekufa. Haya yote yanatengenezeka, na ni hoja za kushusha bei.

Sasa pikipiki iko nyumbani. Wengi huanza na kinachoonekana: ekzosi ya kelele, taa sita, masanduku ya alumini. Mpangilio wenye faida unaanza pale mwili unapokutana na chombo, na chombo kinapokutana na ardhi.

Shokapu ya nyuma ndiyo ya kwanza, na haigharimu kitu kuipima. Gurudumu la nyuma linyanyuliwe lisiguse chini. Kwa futikamba, pima kutoka ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye mkia, juu yake moja kwa moja. Tuseme ni milimita 600. Ishushe, funga mzigo wote wa safari, panda na kofia, jaketi na buti, mtu mmoja akushikie, mwingine apime tena. Ikiwa sasa ni 535, chombo kimezama milimita 65. Gurudumu la nyuma la Ténéré 700 lina mwendo wa milimita 200, na kuzama kama theluthi moja ndiko kunakotakiwa, hivyo hapo mambo ni mazuri. Kikizama 90, springi ikazwe, na pikipiki nyingi za safari zina kifundo au nati ya kazi hiyo. Ikikazwa hadi mwisho na bado inazama, springi ni laini kuliko uzito wako, na pesa iliyotengwa kwa ekzosi inunue springi ngumu. Mkia uliozama unafanya taa ya mbele imulike machoni mwa wanaokuja, unaufanya usukani uwe mwepesi, na kwenye kona za Kitonga pikipiki inatanuka kuelekea upande wa malori.

Kisha usukani. Kwenye changarawe mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na mikono inatakiwa kuufikia usukani bila kuinamisha mgongo. Walio warefu huhitaji vipande vya kuunyanyua kwa milimita 20 hadi 30. Vikishafungwa, uzungushwe hadi mwisho pande zote injini ikiwa inanguruma bila gia. Ikiwa mngurumo unapanda, waya wa mafuta umevutika, na hilo ni la hatari kwenye kona ya polepole. Mpira wa breki nao usiwe umekaza. Vishikio vya klachi na breki viinamishwe kidogo hadi vidole vivifikie kwa mstari ulionyooka na mkono, ukiwa umesimama. Kazi hii ni ya spana moja, na inaondoa maumivu ya kiwiko ambayo watu huyazoea bila sababu.

Kiti cha kiwandani huwa kizuri kwa saa moja. Hapa Afrika Mashariki ina bahati, maana mafundi wa viti vya magari wapo kila mji na wanajua sponji. Fundi apelekewe pikipiki nzima pamoja na kiti, mteja apande, na alama zichorwe mahali makalio yanapokaa. Sehemu ipanuliwe nyuma, iwe nyembamba mbele kati ya mapaja ili miguu ifike chini. Anayetaka kukishusha asikubali sponji ikatwe mno, kwa kuwa sponji ikibaki nyembamba utakalia plastiki. Kitambaa cha juu kisiteleze na mishono isikae katikati. Maji ya mvua hupenya humo.

Kioo cha upepo kina siri yake. Kelele kwenye kofia hutokana mara nyingi na kioo chenyewe, ukingo wake unapourushia uso upepo uliovurugika. Kwenye barabara iliyonyooka na tupu, kwa mwendo wa kawaida, inuka kidogo kutoka kwenye kiti. Kelele ikipungua kichwa kikiwa juu zaidi, upepo safi uko pale, na kioo kifupi kinaweza kukufaa kuliko kirefu. Kaskazini mwa Kenya jambo hili si la starehe tu. Karibu na Loiyangalani kumesimikwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, na haikuwekwa pale kwa bahati. Upepo huo ukipiga ubavuni, kioo kikubwa na masanduku mapana hugeuka tanga.

Ndipo tufike kwenye mzigo. Kila pikipiki ina uzito wa juu ulioruhusiwa. Kwa R 1250 GS ni kilo 465, na yenyewe ikiwa na mafuta ni 249, zinabaki 216. Mwendeshaji wa kilo 85 na mavazi yake, mwenzake wa kilo 70, tayari ni 155. Zilizobaki 61 zigawanywe kati ya masanduku matupu, fremu zake, ngao, bamba la chini ya injini, zana, nguo na maji. Zinaisha haraka, na hiyo ni miongoni mwa pikipiki kubwa za vumbi tulizozipima hapa.

Masanduku ya alumini yanafungika kwa ufunguo, na anayelala kwenye gesti za mijini atashukuru. Kwenye mchanga hali inageuka: mguu ukiteleza chini, sanduku huja kuukandamiza kwa nyuma. Kwa njia za vumbi, mabegi laini yasiyopitisha maji ni salama zaidi na ni mepesi, mradi yawe mbali na ekzosi au yawekewe bamba la kukinga joto. Vitu vizito, zana na vyakula vya kopo, vikae chini na mbele karibu na mwendeshaji. Sanduku la juu nyuma ya kiti libebe koti la mvua na vitu vyepesi. Likijazwa mizigo, usukani huanza kutetemeka kwenye mwendo.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza keria nzuri ya bomba la chuma kwa bei ya kueleweka. Ichomelewe ikiwa pembeni, kisha ifungwe kwa bolti. Ikilazimu kuchomelea kwenye pikipiki yenyewe, betri itenganishwe na kompyuta ya injini ichomolewe kwanza, kwa kuwa umeme wa kuchomelea unaweza kuiunguza. Fremu ya alumini isiguswe kabisa na fundi wa chuma.

Bamba la chini ya injini na ngao za pembeni zina thamani yake kwa wanaotoka kwenye lami, na vikinga mikono hulinda vishikio visivunjike. Taa mbili za ziada zinatosha, zikiwa na rilei na fyuzi yake, zisiunganishwe kwenye waya wa taa kubwa. Mshikio wa joto ni pesa nzuri kwa wanaopita Njombe au Limuru. Matairi yachaguliwe kwa safari iliyopo: Continental TKC 80 yenye meno makubwa hushika changarawe vizuri lakini huisha upesi kwenye lami, na anayetoka Nairobi kwenda Mombasa na kurudi hana haja nayo.

Kabla ya safari kubwa, mzigo wote ufungwe na mzunguko mfupi ufanywe, mathalani Dar es Salaam, Bagamoyo, Msata, Chalinze na kurudi. Jioni yake, bolti zote za vitu vilivyoongezwa zikazwe upya, hasa za keria na ngao, maana mtikisiko wa siku ya kwanza huzilegeza. Mabegi yafunguliwe, na kila kitu ambacho hakikuguswa, ukiacha zana, tyubu na dawa, kibaki nyumbani. Anayevuka mpaka aulize kampuni yake ya bima kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA, inayokubalika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na aichukue kabla ya kuondoka, kwa sababu foleni ya Namanga ni ndefu kwa asiye na karatasi.